Likizo ya Mvinyo: Mpigie Simu Mtengenezaji Kabla ya Kufika

Msomaji mmoja wa Ruaka ameniandikia akitaka kujua ni mashamba gani makubwa ya mvinyo anayopaswa kuyatembelea atakapokwenda Stellenbosch, Afrika Kusini, mwezi wa Desemba, na afanye nini ili asionekane mshamba mbele ya wahudumu. Swali la kwanza nitalijibu baadaye. La pili limenigusa mahali panapouma, kwa hiyo nitaanza nalo.

Katika likizo yangu ya kwanza kule Stellenbosch, mimi na dada yangu tuliingia katika shamba moja mashuhuri lenye maegesho ya mabasi ya watalii. Wageni wa meza ya jirani walimiminiwa mvinyo mweupe mkavu, yaani usio mtamu, kisha mwekundu, huku wakielezwa habari za udongo na mwaka wa mavuno. Sisi tuliletewa mvinyo mtamu kabla hatujaulizwa lolote, tukaambiwa kwamba wageni wa kutoka kwetu huupenda. Nilijua kwamba zabibu ya Pinotage ilizalishwa na Abraham Perold mwaka 1925 kwa kuchavusha aina mbili nyingine, Pinot Noir na Cinsaut, tena papo hapo Stellenbosch, na hamu yangu yote ilikuwa kuuonja mvinyo wa zabibu hiyo katika mji ulikotokea. Sikuuonja. Tulilipa tukaondoka, na hadi leo nikiiona chupa ya shamba lile kwenye rafu za maduka hapa Nairobi, huipita kana kwamba haipo.

Aliyenifundisha kuonja mvinyo ni mzee mmoja wa Dodoma. Najua wengi wenu mngependelea nitaje Ufaransa, lakini Dodoma ni karibu na lugha ni yetu. Unaweza kuruka hadi Dar es Salaam kisha upande treni ya umeme, ambayo ilianza kufika Dodoma mwaka 2024, au upite Namanga, Arusha, Babati na Kondoa kwa barabara. Rafiki yangu alinipa nambari ya mzee huyo, ambaye hutengeneza mvinyo kidogo uani kwake nje ya mji, nikampigia mapema. “Njoo asubuhi, mwanangu,” akasema. “Mchana jua ni kali, na ulimi nao huchoka.” Shikamoo yangu ya Kinairobi ilimchekesha, lakini aliiitikia.

Hakuanza na glasi. Alinipeleka kwanza shambani, akanieleza kwamba huku kwetu hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, hivyo mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa, na hiyo ndiyo sababu Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Kisha tukaingia kwenye chumba cha matangi. Alinionjesha juisi iliyokuwa ikichacha, tamu bado na yenye povu, halafu akanimiminia mvinyo wa mavuno yaliyotangulia uliotoka kwenye mizabibu ile ile, na pale ndipo nilipoelewa kwa ulimi yale niliyokuwa nimeyasoma tu: kwamba ule ukakasi unaokaza kinywa hutokana na tanini, zile kemikali chungu za maganda na mbegu, na kwamba mvinyo mweupe hauna ukakasi huo kwa sababu juisi yake hutenganishwa na maganda kabla ya kuchacha. Mvinyo wake mwekundu wa zabibu za Makutupora niliuona mkali, nikamwambia. Akajibu bila kukasirika kwamba alichuma mapema kwa kuhofia mvua. Mhudumu aliyekariri karatasi hawezi kukupa jibu kama hilo.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni kupiga simu kabla ya kufika. Wa pili haupo mbali na huo: ukipiga, uliza ni siku gani mtengenezaji mwenyewe atakuwepo, kwa kuwa katika kiwanda kidogo mtu huyo ndiye anayepogoa, anayesafisha matangi na anayemimina. Ukishafika, anza na mvinyo mweupe kabla ya mwekundu na mkavu kabla ya mtamu, na usione haya kutema kwenye ndoo, maana imewekwa kwa kazi hiyo wala hakuna anayetukanwa. Naivasha, ambako hutengenezwa mvinyo wa Leleshwa, ni takriban kilomita 90 tu kutoka Nairobi, lakini huko pia piga simu kwanza, na umtafute dereva asiyekunywa. Alkoblo, kile kipimo cha pombe cha polisi, haijali kama ulionja au ulikunywa.

Najua unachokitaka, kwa sababu nami nilikitaka: siku moja ukabidhiwe orodha ya mvinyo mbele ya wakubwa wako wa kazi, usitokwe na jasho. Mwezi uliopita nilikabidhiwa, nikachagua mvinyo mweupe wa Chenin Blanc kuandamana na samaki wa nazi, na mkurugenzi wetu akaomba kuandikiwa jina la chupa. Ujasiri huo sikuupata katika ukumbi wenye vioo. Wenzangu wa Nairobi, tuache kuchagua mvinyo kwa bei na uzito wa chupa, na tuache kudhani kwamba anayetudharau ndiye mjuzi.

Sasa Stellenbosch. Desemba hakuna mavuno kule, kwani zabibu huanza kuchumwa mwishoni mwa Januari. Ukiweza kuisogeza likizo yako hadi Februari, isogeze. Usipoweza, panga mashamba mawili tu kwa siku, dogo asubuhi na kubwa mchana, na yote mawili uyapigie simu. Omba Chenin Blanc, zabibu inayolimwa kuliko nyingine zote Afrika Kusini, na udai Pinotage hata kama hujaletewa. Siku moja nenda Franschhoek, ambako tramu huwapitisha wageni shamba hadi shamba, nawe hutahitaji kuendesha gari. Wakati wa kurudi, forodha yetu humruhusu msafiri kuingia na lita mbili za mvinyo bila ushuru, kiasi kinachotosha chupa mbili nzima za kawaida. Zote mbili zinunue kwa yule mdogo, kwa sababu za mkubwa utazikuta hapa Nairobi.