Ukitaka historia ya mgahawa, nenda jikoni saa kumi

Nimekuwa nikirekodi simulizi za wapishi, wahudumu na waosha vyombo hapa Kigoma, kuanzia migahawa ya karibu na stesheni hadi mama ntilie wa Kibirizi na Ujiji. Kuna wenzangu wanaotaka kufanya kazi hii kwingine, wengine Tabora, nao wananiuliza waanzie wapi. Nawaambia wasianze na mwenye mgahawa. Yeye atakueleza alivyoanza na mtaji mdogo, atamshukuru Mungu, habari imeisha. Anayejua treni ikichelewa ugali uliokwisha kupikwa unaenda wapi ni yule aliyeko jikoni.

Bosi usimruke, lakini. Mwombe ruhusa kwanza, kisha mwombe mfanyakazi mwenyewe, mkiwa wawili, maana ruhusa ya bosi haimfungi mfanyakazi. Na bosi akiwa kaunta ametega sikio, utajibiwa tu kwamba kazi ni nzuri, tunashukuru.

Asubuhi watu wanataka supu na chapati, mchana ndiyo usisogee kabisa. Nenda saa kumi, vyombo vya mchana vikiwa vinaoshwa na mboga za jioni zikichambuliwa. Kaa kwenye kigoda, omba kisu, chambua nao. Simu iweke karibu na msimulizi, mbali na friji, kwa sababu mngurumo wake huusikii ukiwa pale ila kwenye rekodi utakukera.

Sasa maswali. "Nisimulie maisha yako" ni swali la kumfunga mtu mdomo. Anza na kazi ya mikono. Mama mmoja wa Mwanga, hapa hapa Kigoma, nilimuuliza anajuaje mawese yamefika pa kutia samaki. Akacheka, akaniita karibu na kikaango. "Sikiliza. Yakiwa bado yanapiga kelele, ngoja. Yakinyamaza, tia." Akalaza mgebuka wa kwanza ubavu, akausogeza kidogo kwa kijiko usigande, na hapo hapo, bila mimi kuuliza, akaanza kumtaja shangazi yake wa Ujiji aliyemfundisha, akaja kwenye siku za meli, walivyokuwa wakibandika sufuria kubwa usiku ili abiria wa Liemba wakute chakula. Swali la mafuta lilitupeleka mpaka magharibi.

Bei nazo zinafungua watu. Uliza sahani ya ugali wa muhogo na dagaa ilikuwa shilingi ngapi alipoanza kazi, na nani alikuwa anakula kwa mkopo. Mwaka usimdai. Wachache wanaukumbuka, na wengine watakutajia wowote ili kukuridhisha. Muulize kama ilikuwa kabla ya vita ya Kagera au baada, kama ni wakati wa msako wa wahujumu uchumi, 1983, sukari ilipokuwa shida, kama Nyerere alikuwa bado hai. Ukipata viwili vitatu vya namna hiyo, mwaka utaupata mwenyewe nyumbani.

Akikosea historia, mwache. Utaambiwa Liemba ilizamishwa na Waingereza. Ukweli ni kwamba Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikiitwa Graf von Götzen, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Hilo liandike pembeni kwenye daftari lako. Ukianza kumsahihisha, umegeuka mwalimu, na yeye atarudi kwenye sufuria zake.

Kuna jambo la Kigoma hasa linalotaka uangalifu kuliko yote. Jikoni humu utakutana na watu waliovuka wakikimbia machafuko Burundi au Kongo, au wazazi wao ndio waliovuka, wengine 1972, wengine 1993, wengine 1996. Karatasi za wengine ziko sawa, za wengine hazieleweki. Mimi siulizi kabila wala uraia. Mtu akianza mwenyewe kusimulia njia aliyopita, nasimamisha rekodi kwanza na kumuuliza kama anataka hilo libaki. Jina, mtaa na jina la mgahawa navitenga na sauti. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo, sauti ya mhudumu anayeeleza anavyokatwa mshahara ikimfikia tajiri yake, kesho hana kazi.

Hela? Kuna wanaosema usilipe, utanunua uongo. Sikubaliani nao. Ukimkalisha mama ntilie saa nzima, umemtoa kwenye biashara. Kula kwake, lipa chakula chako, na muda wake ufidie, ukimwambia wazi kwamba unalipia muda tu, aseme anachotaka.

Ukimaliza, rudi na rekodi kwa msimulizi msikilize pamoja, siku ambayo hayuko zamu. Atakuambia "hapo pa mshahara toa". Toa mbele yake, akiona, na ile nakala uliyoihifadhi kwenye kompyuta uikate vilevile.