Glukosi maabarani: mambo yanayowakwamisha wageni

Fomula C6H12O6 uliyoikariri haitoshi, maana fruktosi na galaktosi nazo zina hiyo hiyo. Cha kushika ni kwamba ndani ya maji glukosi hukaa kama pete, na pete hiyo hufunguka na kujifunga tena bila kukoma. Ikijifunga, OH ya kaboni namba 1 huelekea chini (alfa) au juu (beta) ukiichora kwa namna ya kawaida. Mwishowe alfa huwa karibu asilimia 36 na beta 64. Zilizo wazi, zenye aldehidi (kundi la CHO), hazifiki hata asilimia 0.1.

Kabla ya kupima uzito, soma lebo ya chupa. Glukosi kavu ina uzito wa gramu 180.16 kwa moli. Yenye molekuli moja ya maji ni 198.17. Kwa lita moja ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) utahitaji gramu 18.02 za ile kavu au 19.82 za ile yenye maji. Ukipima 18.02 za ile yenye maji ukidhani ni kavu, myeyusho wako umepungua kwa asilimia 9 na hakuna hesabu ya baadaye itakayokuonyesha kosa liko wapi. Yeyusha kwanza kwa maji machache, kisha jaza hadi alama.

Myeyusho mpya usiutumie papo hapo kama kipimo linganishi. Kimeng'enya glukosi oksidesi hushughulikia beta tu, na glukosi ya chupani kwa kawaida ni alfa, hivyo utasoma pungufu. Uache usiku kucha ili alfa na beta zifikie uwiano wao.

Jaribio la Benedict, la kutambua sukari kwa rangi, linaonekana jepesi, na hapo ndipo watu hulichezea. Mililita 2 za kitendanishi, matone 8 ya sampuli, kisha dakika 3 hadi 5 ndani ya maji yanayochemka. Usiishike neli juu ya moto, hurusha. Buluu hugeuka kijani, njano, chungwa, hadi mashapo mekundu ya matofali, ambayo ni oksidi ya shaba. Kinachofanya hivyo ni aldehidi: ni chache, lakini kila inapotumika pete nyingine hufunguka. Sukrosi (sukari ya mezani) haibadilishi rangi kwa sababu pete zake zimefungwa pamoja mahali pale pale pa kufungukia. Ukiichemsha na asidi hafifu itavunjika, ila punguza asidi kwa bikaboneti kabla ya kuweka Benedict. Wengi husahau, neli inabaki buluu, wanaandika "hakuna sukari".

Na nyekundu isikufanye uandike "glukosi". Fruktosi huitoa, hata vitamini C. Andika "dutu rejeshi" (inayogeuza shaba ya Benedict), basi.

Sampuli za damu zina kasheshe yake. Chembe nyekundu hazina mitokondria, zinaishi kwa kuvunja glukosi, na hilo halikomi damu ikishatolewa: kwenye neli ya kawaida, joto la chumba, glukosi hushuka kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa. Neli yenye floridi husaidia, ila si mara moja. Floridi huzuia enolesi, kimeng'enya cha karibu na mwisho wa njia ya kuvunja glukosi, na hatua za mwanzo huendelea kula glukosi kwa saa moja hadi mbili. Weka neli kwenye barafu na utenganishe plazma ndani ya nusu saa.