Mapigo yanapanda nikivuta pumzi, yanashuka nikitoa: je, moyo wangu ni mzima?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 22, mwanafunzi wa chuo, na nacheza mpira karibu kila wiki. Nilipopimwa afya kabla ya mafunzo kwa vitendo, majibu ya ECG (kipimo cha umeme wa moyo) yalikuja na maneno "arithimia ya sainasi". Aliyenipima akasema niko sawa, basi. Tangu siku hiyo nikijishika mkono usiku nasikia mapigo yanakwenda mbio nikivuta pumzi, nikitoa yanapoa. Huu si ugonjwa wa moyo? Na wanaosema kupumua polepole kunatuliza moyo, wana ukweli?
Msomaji, Iringa

JIBU: Marahaba. Aliyekupima alikuambia kweli, ila hakumalizia maelezo.

Moyo una kituo chake cha umeme, kwenye chumba cha juu upande wa kulia, ndicho kinachoamua upige lini. Kikiachwa bila amri ya ubongo hupiga karibu mara 100 kwa dakika. Wewe ukiwa umetulia unapata 60 na kitu kwa sababu neva ya vagasi, inayoshuka kutoka shina la ubongo kupitia shingoni, muda wote imekanyaga breki. Unapovuta pumzi, sehemu ya ubongo inayosimamia upumuaji huizuia neva hiyo kidogo. Breki inalegea, mapigo yanakimbia. Ukitoa pumzi, breki inarudi. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakoitwa arithimia ya sainasi. Kemikali inayobeba amri hiyo hadi kwenye moyo, asetilikolini, hutenda haraka na huondoka haraka, ndiyo maana badiliko unalisikia ndani ya pumzi moja. Adrenalini, inayouharakisha moyo, hutenda polepole zaidi, haiwezi mwendo huo. Kifua nacho kina mchango wake, kwani kikitanuka damu nyingi zaidi hurudi moyoni, lakini kazi kubwa ni ya vagasi.

Jambo hili si geni: Mjerumani Carl Ludwig alilirekodi mwaka 1847. Kwa vijana na wanamichezo huwa kubwa zaidi, na hupungua kadiri umri unavyosogea. Kwa hiyo kwako wewe ni dalili nzuri.

Kinachotutia wasiwasi sisi ni pale linapokosekana. Mgonjwa aliyepandikizwa moyo hana tena neva hiyo iliyounganika, na moyo wake mara nyingi hupiga 90 hadi 100 hata akiwa amelala, bila kufuata pumzi. Kisukari cha muda mrefu nacho huharibu neva hizi polepole, mgonjwa asijue. Hapo tunamlaza, tunamwekea nyaya za ECG, anavuta pumzi kwa sekunde 5 na kutoa kwa sekunde 5, mara sita kwa dakika. Tunachukua mapigo ya kasi zaidi, tunapunguza humo yale ya polepole zaidi. Tofauti ikizidi mapigo 15 kwa dakika tunaridhika. Ikiwa chini ya 10 tunashuku neva, ingawa kwa mzee hatuwi wakali hivyo. Si jambo dogo: mtu wa namna hiyo anaweza kupata kizunguzungu kila anaposimama, au kupata shambulio la moyo bila maumivu ya kifua, akachelewa hospitali.

Sasa hilo la kupumua polepole. Wengi wetu huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ukishuka hadi kama 6, mawimbi ya pumzi huangukia sawa na mwendo mwingine: vihisi vya presha kwenye mishipa mikubwa ya shingoni na kifuani huchukua kama sekunde 10 kusahihisha presha iliyopanda au kushuka. Miendo miwili ikikutana, kupanda na kushuka kwa mapigo kunakuwa kukubwa kuliko wakati mwingine wowote. Angalia lakini: wastani wa mapigo haushuki sana, kinachoongezeka ni ile tofauti. Husaidia mtu mwenye hofu kabla ya mtihani, na kwa wenye presha huishusha kidogo, lakini si sababu ya kuacha vidonge. Pumua taratibu kwa pua, bila kujaza kifua kwa nguvu. Midomo au vidole vikianza kuchonyota, unatoa hewa nyingi mno. Acha upumue kawaida.

Ukitaka kujihakikishia, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, upande wa kiganja, kisha zuia pumzi kwa sekunde kama 10. Mapigo yanayofuata pumzi yatakaa sawa. Yakiendelea kurukaruka ovyo, rudi ukapimwe tena. Na rudi upesi bila kusubiri jaribio lolote kama umewahi kuzimia uwanjani, unaumwa kifua ukikimbia, au katika ukoo wenu kuna kijana aliyefariki ghafla. Hata kama ECG ya kwanza ilikuwa safi.