Kristali haitetemi? Usiing'oe kwanza

Wewe unayeanza kuunda saketi za maikrokontrola, ipo siku utawasha umeme na chipu isiseme lolote. Programu umepakia, volti 5 zipo, taa haiwaki. Wengi hapo hukimbilia kung'oa kristali, kile kijipande kinachotetema na kuipa chipu mapigo yake, yaani saa, na kuweka nyingine. Mimi nimeng'oa nyingi, na karibu zote zilikuwa nzima. Kristali huweza kufa, hasa ikidondoka, maana ndani yake kuna kipande chembamba cha kwatzi. Lakini iwe ya mwisho kushukiwa.

Jiulize kwanza kama chipu inaitumia kweli. ATmega328P, maikrokontrola ninayoitumia hapa, ikitoka kiwandani haina habari na kristali ya nje. Inatumia saa yake ya ndani ya megahezi 8, tena iliyogawanywa kwa 8, kwa hiyo inakwenda kwa megahezi 1. Kama programu yako imeandikwa kwa megahezi 16, taa uliyoiagiza iwake sekunde 1 itawaka sekunde 16. Hesabu kwa saa ya mkononi. Ukipata 16, achana na koleo na kristali: kinachotakiwa ni kubadili fyuzi, yaani ile mipangilio ya ndani inayoiambia chipu isikilize saa ipi.

Kilichonitesa zaidi ni kipimo chenyewe. Jioni mbili nzima nilikuwa nagusisha probu ya oskiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini, kwenye pini ya kristali na kuona mstari mnyoofu. Nikabadilisha kristali tatu. Jioni ya pili macho yangu yakaangukia taa badala ya skrini: ilikuwa inawaka na kuzima vizuri kabisa, ikasimama pale tu probu ilipogusa. Nilikuwa nimeiacha swichi ya probu kwenye x1, ambapo yenyewe na kebo yake huongeza pikofaradi 100 hivi, wakati kapasita zangu, zile mbili zinazotoka miguu ya kristali kwenda graundi, zilikuwa za pikofaradi 22. Niliuzima mtetemo kwa mkono wangu, kisha nikawa nautafuta. Weka probu kwenye x10 na uguse XTAL2, si XTAL1: hizo ndizo pini mbili za chipu zinazoshika kristali, na XTAL2 ni upande wa kutokea. Njia ninayoipenda zaidi ni kutogusa kabisa: ATmega328P ina fyuzi ya CKOUT inayotoa nakala ya saa kwenye pini ya 14. Pima hapo, kristali haitajua kuwa upo.

Kapasita zisome kwa makini, tena chini ya mwanga mzuri. Iliyoandikwa 22 au 220 ni pikofaradi 22. Iliyoandikwa 221 ni pikofaradi 220, mara kumi zaidi, na 223 ni nanofaradi 22, ambayo itaikaba kristali isitetemeke hata kidogo. Kwa kristali, kapasita mbili zinazolingana huhesabiwa kama nusu ya moja, kisha unaongeza pikofaradi chache za waya na bodi. Bredibodi, ile bodi ya kuchomeka bila kulehemu, huongeza zake pia kati ya safu na safu, kwa hiyo kata miguu iwe mifupi na uweke kristali jirani kabisa na chipu. Kwenye bodi ya kulehemu, safisha mabaki ya flaksi, ile dawa ya kulehemu, katikati ya miguu ya kristali.

Kuna hali nyingine inayowakatisha tamaa wageni: umeweka fyuzi za kristali ya nje, kristali haitetemi, na sasa hata kifaa cha kupakia programu hakijibiwi. Chipu haijafa, imekosa mapigo tu. Chukua maikrokontrola nyingine, iandikie programu ndogo ya kutoa mawimbi ya mraba ya megahezi 1, uunganishe graundi za saketi mbili, kisha upeleke mawimbi hayo kwenye XTAL1, pini ya 9. Punguza kasi ya kupakia iwe chini ya robo ya saa hiyo, yaani chini ya kilohezi 250. Ukiisahau hii utadhani njia imeshindwa. Ikijibu tu, rudisha fyuzi kwenye saa ya ndani, ndipo uanze kukagua kapasita.