Je, ningoje mwezi uandame ndipo nifungue duka?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Nataka kufungua duka la vitambaa hapa Tanga. Mtaalamu mmoja wa falaki, elimu ya nyota, kanizuia. Anasema mwezi ukipungua na biashara hupungua, ningoje uandame. Tena usiku wa 14 nianike bakuli la maji kwenye mbalamwezi, alfajiri niyaoge na kuyanyunyiza mlangoni. Hii ni dini au ushirikina?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Fungua duka lako.

Masahaba walipouliza habari za miezi, jibu lilishuka katika Suratul Baqara, aya ya 189: hiyo ni vipimo vya nyakati kwa watu na kwa Hija. Vipimo, basi. Kwa mwezi tunajua Ramadhani, eda na mwaka wa zaka. Wavuvi wa Pangani nao huutazama wajue bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo), na hilo halina ubaya hata chembe, kwa kuwa maji kweli hujaa na kutoka kwa kufuata mwezi. Riziki ya vitambaa haiufuati. Wateja wako wanafuata mshahara.

Waarabu wa zamani walikuwa na nuksi zao pia. Walichelea kuoa mwezi wa Shawwal, na Bibi Aisha, Allah amridhie, akawajibu kwa kusema kwamba yeye aliolewa Shawwal na akaingia nyumbani kwa Mtume ﷺ Shawwal, basi ni mke gani aliyepata bahati kumshinda yeye? Na siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume ﷺ, jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Baba mwenye uchungu wa mwanawe angeweza kunyamaza tu. Hakunyamaza. Aliwaambia kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Allah, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake.

Ama bakuli, limwage kwenye maua. Kuamini kwamba mwanga wa mwezi umeyatia maji baraka ya kuvuta wateja ni kuupa mwezi kisichokuwa chake.

Kama moyo wako unaupenda mwezi, sunna haikukunyima. Ukiuona umeandama, omba: Allahumma ahillahu alayna bilyumni wal-imani, wassalamati wal-islam, Rabbi wa Rabbukallah. Sikiliza mwisho wake: "Mola wangu na Mola wako ni Allah." Mwezi wenyewe unaambiwa una Mola!

Kisha funga masiku meupe, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu. Hapa wengi hukosea hesabu: usiku hutangulia mchana, kwa hiyo daku ya tarehe 13 huliwa usiku unaoanza magharibi ya siku ya 12. Na katika Mfunguo Tatu, yaani Dhul-Hijja, usifunge tarehe 13, ni siku ya tashriki, moja ya siku tatu zinazofuata Idi ya kuchinja. Funga 14 na 15, ya tatu uilipe baadaye.

Huyo mtaalamu usimrudie, hata kwa kumjaribu. Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, swala zake hazikubaliwi siku 40, na wanavyuoni wakaeleza kuwa hata hivyo haruhusiwi kuacha kuswali. Umekwisha kumuuliza, basi tubia, uswali istikhara, swala ya kumwomba Allah akuchagulie lililo kheri, kisha utafute fundi wa kukutundikia mlango.

Wallahu aalam.