Barua kwa mwanangu: habari ya Prado la baba yako

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Sisi hatujambo. Bibi yako wa Lindi anakusalimu, na kama kawaida yake anauliza utakuja lini.

Ujumbe wako tumeusikiliza mimi na dada yako. Umeuliza, Prado la marehemu baba limekaa uani linaota kutu, kwa nini tusiwape wale watoto wa kituo cha yatima cha njia ya Newala, iwe sadaka yake? Na ukasema huko Houston mtu akitaka kutoa gari anapiga simu tu, gari la kuvuta linafika mlangoni, anapewa stakabadhi, yamekwisha.

Nia yako nimeipenda sana. Lakini wewe mwenyewe ulishanieleza kwamba hao wapokeaji wa huko wengi hawayaendeshi hayo magari, wanayapeleka mnadani. Likiuzwa zaidi ya dola 500, aliyetoa, ili apunguziwe kodi, anaandika kwenye hesabu zake ile bei liliyouzwa, si ile aliyokuwa nayo kichwani. Basi hata huko kinachomfikia yatima ni pesa. Shika hapo, nitaparudia.

Hili letu, kwanza, bado si langu wala si lako. Kadi ina jina la baba yako. Kikao cha ukoo kilishakaa, muhtasari upo, cheti cha kifo kipo, baba yako mdogo ndiye aliyependekezwa kuwa msimamizi wa mirathi, na shauri liko Mahakama ya Mwanzo. Akishateuliwa ana miezi minne ya kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni, na Prado litaandikwa humo pamoja na kile kishamba cha mikorosho cha Nanyamba. Kabla ya hapo hakuna wa kulitoa, hata kwa kheri.

Halafu mafungu. Mimi nina thumni yangu, moja ya nane, bibi yako aliyemzaa baba yako ana sudusi, moja ya sita, kinachobaki ni chenu watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja. Mtu mzima akisema fungu langu namtolea baba, hapo hapana neno, Mungu amlipe. Ila mdogo wako wa mwisho yuko kidato cha pili. Fungu lake hana ruhusa ya kuligawa mtu yeyote, si mimi, si baba yako mdogo. Tukitoa gari zima tumetoa na cha mtoto ndani yake. Dada yako aliniambia, "Mama, ni kisehemu kidogo tu." Kidogo, lakini cha yatima. Hatuwezi kumchukulia yatima wa humu ndani ili tumpe yatima wa Newala.

Sasa gari lenyewe. Nilimwita fundi wa Magomeni alitazame. Alifungua mfuniko wa rejeta, akapitisha kidole ndani, kikatoka na utelezi wa rangi ya chai ya maziwa. Akanusa, akajifuta kwenye suruali, akasema, "Mama, hapa maji na oili vimeshaanza kujuana." Kumbe injini hizi za 1KZ zikichemka vibaya silinda hedi, kile kichwa cha juu cha injini, inapasuka, na baba yako lilimchemkia ile safari ya kutoka Masasi, akalisukuma hivyo hivyo mpaka Mnazi Mmoja. Mnamjua alivyokuwa. Matairi yana kashata bado, lakini ubavuni yamechanika kwa jua. Chesisi huku nyuma imeliwa na chumvi ya bahari. Linatengenezeka, fundi amesema, na bei aliyoitaja nilimwomba airudie nikidhani sikusikia.

Nikampigia mama mlezi wa kituo. Nikamuuliza wazi, tukiwapa Prado, dizeli mtaweka? Akacheka, halafu akaniambia la moyoni. Wana gari tayari. Walipewa na mfadhili aliyekuwa anaondoka nchini, liko chini ya mwembe, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Hawana pesa ya kulitengeneza na hawawezi kuliuza, kwa sababu mfadhili aliondoka bila kubadilisha jina kwenye kadi na hapatikani. Kinachowasumbua ni maji. Unakujua kule juu Makondeni, maji mbali, na wao wanakodi bodaboda kubeba madumu kila siku. Wangepata guta la pikipiki, lile la magurudumu matatu, wangebeba madumu mengi kwa safari moja, na kuni, na mahindi ya kusaga. Likiharibika, fundi wa bodaboda aliye pale kijijini analimaliza.

Kwa hiyo narudi pale pale pa pesa: mimi naona tuliuze. Sasa hivi madalali wanakuja na bei ya chuma chakavu, nimewafukuza. Tungoje minada ya korosho ianze mwezi wa kumi. Hela zikishaingia mikononi mwa watu, Tandahimba na Newala kunatafutwa gari la juu, na mafundi wengi kule wanazijua injini hizi. Mnunuzi ataambiwa habari ya hedi. Hilo nimeshamwambia baba yako mdogo, maana naye ana ulimi wa sokoni. Na umiliki ubadilishwe TRA, kwa watu wa kodi, siku ile ile ya malipo, asiondoke mtu na kadi kwa ahadi. Faini za trafiki zinaifuata namba ya gari, mwisho waje kumtafuta marehemu hapa Chikongola.

Pesa ikipatikana, fungu la mdogo wako linakwenda kwenye akaunti yake. La bibi yako apelekewe mkononi, aamue mwenyewe. Langu natoa lote kwa ajili ya guta. Wewe na dada yako mtasema yenu, na kama pesa ya guta itapungua, hapo ndipo nitakukumbusha huo ujumbe wako.

Ninachotaka kwako sasa ni barua ya ridhaa kwamba unakubali baba yako mdogo awe msimamizi, isainiwe mbele ya wakili wa huko, uitume kabla shauri halijatajwa tena. Picha za gari dada yako atakutumia leo usiku akipata bando.

Mama yako,
Mtwara