Watoto wanne, kazi za zamu na nyumba ya kupanga: nilivyopamba hadi nikaacha kupiga kelele

Dada uliyeuliza, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema mmepanga vyumba viwili na sebule huko Mbagala, wewe na mumeo mnatoka alfajiri na kurudi giza limeingia, watoto ni watatu, mkubwa ana miaka tisa na mdogo bado anatambaa. Mama mkwe anakuja mwezi ujao. Unataka nyumba ipendeze, ila kila unachoweka kinachafuka au kinavunjika kabla wiki haijaisha, na hela ya kuchezea hakuna.

Mimi nina wanne na nafanya kazi za zamu. Tulipanga Tabata miaka saba kabla ya kuhamia kwetu Kinyerezi, kwa hiyo ninayokueleza yote nimeyafanya kwa mikono yangu, mengi nikiwa bado mpangaji.

Miaka ile ya mwanzo nilinunua vitu vizuri sana. Zulia jeupe la manyoya, meza ya kioo, maua ya plastiki, vitambaa vya makochi vilivyofumwa kwa uzi mweupe. Kila kimoja kilikuja na katazo lake: usikanyage, usiguse, shuka hapo, nawa kwanza. Jioni moja nikiwa jikoni nikamsikia mwanangu wa pili akimwambia mwenzake aliyekuja kucheza, "Sebuleni kwetu hatukai, tunapita tu." Sikuweza kulala vizuri usiku ule. Meza ya kioo niliiuza wiki hiyo hiyo, zulia nikampa dada yangu ambaye watoto wake ni wakubwa. Tangu siku hiyo kitu hakiingii kwangu bila kujibu swali moja: kinapangusika, au kinafulika? Kisipokuwa na jibu kinakaa juu, mikono isipofika, au kinabaki dukani.

Sasa tuanze na ukuta, maana ndio unaoonekana kwanza na ndio unaochafuka kwanza. Leo ukirudi kazini simama koridoni uuangalie. Kwetu Tabata kulikuwa na mkanda wa kijivu uliotoka kwenye swichi ya taa hadi mlango wa choo, umejaa vidole, mafuta ya nywele na mistari ya mabegi ya shule. Juu ya mkanda ule ukuta ulikuwa safi kabisa. Nilipompigia fundi simu nilitaka apake upya wote, yeye akapima uchafu unapoishia, kama mita 1 na kidogo, akaniambia, "Mama, huu wa juu hauna kosa."

Akachukua uzi, akausugua kwa unga wa mkaa, mimi nikashika huku yeye kule, tukauvuta kwenye kimo cha mita 1.2 akaupiga ukutani ukaacha mstari ulionyooka. Chini ya mstari tukapaka rangi ya mafuta, juu tukaacha ya maji. Najua unawaza darasa la shule ya msingi. Ndiyo, mtindo ni ule ule, na walioubuni walijua watoto ni nini. Kinachofanya ufanane na darasa ni bluu iliyokoza chini na nyeupe kali juu. Chagua rangi mbili za ukoo mmoja: sisi chini tuliweka ya majani makavu, juu ya maziwa yenye manjano kwa mbali. Wageni huuliza fundi alikuwa nani. Na Jumamosi napitisha kitambaa chenye sabuni, dakika kumi, koridoni kumekwisha.

Ila usiruhusu fundi aipake rangi ya mafuta juu ya uchafu au juu ya rangi ya zamani inayong'aa. Ukuta uoshwe, ukauke kabisa, upigwe msasa mpaka uwe na ukwaruzo kidogo. Ukiwa na unyevu, rangi itavimba malengelenge. Na dukani hakikisha kwenye mkebe imeandikwa kwamba haina madini ya risasi. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu una mdogo anayetambaa: risasi huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Mtoto huipata kwa kuweka mdomoni magamba ya rangi iliyobanduka au vidole vyenye vumbi lake. Kwa hiyo msasa upigwe watoto wakiwa hawapo, na vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi. Usilifagie. Siku ya kupaka lala kwa ndugu, madirisha yakiwa wazi.

Hesabu ya rangi usiiachie hewani. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.7 kina mzunguko wa mita 13, ukizidisha unapata kama mita za mraba 35. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 31. Lita moja ya rangi ya maji hufunika karibu mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, na unahitaji mikono miwili. Yaani lita 6 na kidogo, galoni mbili za lita 4 zinatosha na chenji inabaki ya kurekebishia alama za mpira. Weka hiyo iliyobaki, ifunike vizuri, itakufaa kuliko unavyofikiri. Na kabla ya yote mpigie mwenye nyumba. Wangu alikubali kwa sharti la kuona rangi kwanza, na mwaka uliofuata hakupandisha kodi.

Kuhusu karatasi za ukutani za kubandika ulizoziona mtandaoni, zile za matofali na marumaru, nitakuambia yaliyonipata. Nilibandika ukuta mzima nyuma ya televisheni. Miezi mitatu ilikuwa raha tupu. Masika yalipoingia zikaanza kufunguka kwenye pembe, nilipobandua kukawa na ukungu mweusi nyuma yake na harufu iliyomfanya mwanangu mdogo akohoe usiku. Shida haikuwa karatasi peke yake. Ukuta wa chini ulikuwa tayari unatoa unga mweupe, ule ambao ukipitisha kidole unabaki na chumvi. Nyumba nyingi za kwetu zimejengwa bila kizuizi cha maji kati ya msingi na ukuta. Maji ya ardhini hupanda kwenye tofali yakiwa na chumvi, yakifika juu hukauka, chumvi inabaki na kusukuma rangi nje. Ukiubana ukuta kama huo kwa plastiki, maji hayana pa kutokea. Kama wako unatoa unga, usibandike kitu chochote na usipake rangi ya mafuta sehemu hiyo. Kwangua, piga brashi kavu, paka rangi ya maji, na sogeza makochi yaachane na ukuta kwa upana wa kiganja ili hewa ipite.

Pazia sasa. Hapa napenda kukaa, utanisamehe. Dirisha la jikoni Tabata lilikuwa na upana wa mita 1.3 na kimo kisichofika mita 1. Pazia likikaa bila mikunjo linaonekana kama shuka lililosahauliwa kwenye kamba, kwa hiyo upana wa kitambaa uwe walau mara mbili ya dirisha. Kanga moja ina upana wa karibu mita 1.5 na kimo cha kama mita 1.1. Doti moja, basi, ni vipande viwili, jumla mita 3, kimo kinatosha na hukati hata uzi. Nilimpa mama wa cherehani akakunja pindo la juu apate njia ya waya, basi, imekwisha. Jina likabaki chini, juu ya pindo: "Mgeni njoo mwenyeji apone." Mwanangu wa tatu alikuwa anaanza darasa la kwanza. Alikuwa akiongea nami huku napika, analinyoosha pazia kwa mikono miwili na kuvuta silabi moja moja. "Mwenyeji" ndilo neno refu la kwanza nililomsikia akilisoma mwenyewe, na ile kanga ninayo mpaka leo ingawa imepauka.

Loweka kanga kwanza kabla ya kushona, maana ikiwa mpya ina wanga, hutoa rangi na hurudi kidogo. Nyuma yake weka bafta nyeupe, jua la mchana lisiimalize. Na dirisha likiwa karibu na jiko la gesi, usiweke pazia hapo kabisa. Letu lilikuwa upande wa pili.

Za sebuleni, yale mapazia mazito ya kung'aa yanayoburura chini yaache. Yanazuia upepo, na Dar bila upepo unaijua. Yanakusanya vumbi na watoto wanajifutia. Kitambaa chepesi cha pamba, kiishie vidole vinne juu ya sakafu, ufagio upite chini.

Sakafuni mimi nimerudi kwenye mkeka wa ukindu na sijutii. Unakunjwa, unakung'utwa, chai ikimwagika unafuta. Chagua wenye mistari ya rangi, urembo wa sebule unaupata hapo hapo. Ukilowa usiukunje ukiwa mbichi, utaota ukungu. Watoto wanakaa, wanaandika, wanalala mchana, jioni unasimama nyuma ya mlango.

Vurugu ya nyumba yenye watoto asilimia kubwa ni vitu visivyo na kwao. Kila mtoto kwangu ana kikapu kimoja kikubwa cha ukindu chenye mpini wa rangi yake, na kila mmoja ana msumari wa begi mlangoni kwenye kimo cha bega lake. Zingatia hicho kimo. Nilipoweka ndoano kwenye kimo changu mabegi yaliishia sakafuni mwaka mzima, nilipozishusha yakaning'inia kuanzia siku ya kwanza. Kikapu kikijaa hadi hakifungi, Jumapili tunakimwaga na mwenye nacho anachagua cha kugawa.

Vitu vyako vya kupendeza vipandishe. Ukienda nyumba za mawe za Lamu utaona vidaka ukutani, wenyewe wanaita zidaka, safu juu ya safu za vishimo vilivyonakshiwa kwa chokaa, na ndani yake bakuli na sahani za kaure. Vyumba vyao ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari haziwi ndefu, lakini hawakujaza sakafu kwa makabati, waliutumia ukuta. Mimi nilimpa seremala wa Keko ubao wa mita 1.5, upana wa shubiri moja, nikauweka juu ya mlango wa sebule. Huko kuna birika la shaba la bibi, picha ya harusi, na chombo kimoja cha udongo kilichonusurika mikono ya watoto. Vinaonekana na havivunjiki.

Picha moja kubwa inashinda kumi ndogo. Yetu ni ya Tingatinga, ndege wawili wa bluu, tuliinunua kwa mchoraji mwenyewe. Mtindo ule marehemu Edward Said Tingatinga aliuanza hapa hapa Dar miaka ya 1960 mwishoni kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao nyembamba. Ya kwetu nayo ni ya rangi ya mafuta, vumbi nafuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na inarudi kung'aa. Michoro ya watoto nayo iheshimu: kamba moja koridoni, vibanio vya nguo, wabadilishe wenyewe. Na kama wanaandika ukutani, mnunulie fundi mkebe mdogo wa rangi ya ubao wa shule, apake kipande cha mita 1 kwa 1 sehemu wanayoipenda. Wa mwisho wangu aliacha kuta nyingine ndani ya wiki mbili. Vumbi la chaki lipo, sikufichi.

Taa, kwa ufupi: badilisha ile nyeupe kali ya sebuleni uweke ya manjano, kwenye boksi itaandikwa kati ya 2700K na 3000K. Wati 9 za LED zinatosha chumba cha kawaida na umeme wako wa LUKU hautaona tofauti. Mezani wanakosomea iache nyeupe.

Kitu kimoja zaidi, na usikiache hata ukiacha vyote. Kabati refu na meza ya televisheni vifungwe ukutani kwa vipande vya chuma na skrubu. Watoto hupanda droo kama ngazi. Nilifunga langu baada ya kumkuta wa mwisho akiwa droo ya tatu na kabati limeshaanza kuinama mbele, nililidaka kwa bega.

Kwa mwezi mmoja ulionao, mimi ningeanza Jumamosi hii na koridoni na misumari ya mabegi. Wiki ya pili pazia la jikoni na chumba atakacholala mama: shuka safi la pamba, msumari wa kutundikia baibui yake, stuli ya kuwekea maji na dawa, taa anayoweza kuiwasha bila kuinuka. Makochi na mengine yatasubiri. Kabla hujaenda Kariakoo pima madirisha yote, upana na kimo, uandike kwenye simu, na upige picha ya ukuta wa chini wa sebule uiweke hapa tuone kama unatoa unga.